Shati Lililoanikwa Kabla ya Wafalme Watatu

Shati la mdogo wangu Korbinian liliganda kambani likawa gumu kama ubao. Mikono ilinyooka pembeni, kola ilisimama, na upepo ulipolisukuma halikupepea, lilibembea zima zima. Mama alitoka na kapu lake, akalitazama kifuani, pale palipokuwa na doa, akacheka peke yake kama mtu aliyeshinda kesi. Nyuma ya pazia la dirisha la jikoni alisimama Bibi, mama yake Baba, rozari mkononi. Krismasi ilikuwa imetoka kupita, na katika kijiji chetu cha Bavaria, kusini mwa Ujerumani, hapakuwa na mwanamke aliyeanika nguo kabla ya sikukuu ya Wafalme Watatu, tarehe sita Januari.

Mambo yalianzia dukani. Mdogo wangu alikuwa darasa la tatu, na darasa la tatu ndipo watoto wanapoacha penseli. Basi kabla ya sikukuu tulishuka mjini, Baba, Mama na mimi, kumnunulia kalamu yake ya kwanza ya wino. Baba alikuwa karani wa kiwanda cha mbao. Kwake wino ulikuwa mmoja tu, ule mweusi unaokula karatasi na hautoki hata uulilie.

"Mpe mweusi," alimwambia mwenye duka, Bi Zirngibl. "Mwanamume haandiki kwa maji ya rangi."

"Alois," Mama akasema, "tangu unioe umeshafua nini?"

Bi Zirngibl aliirudisha chupa nyeusi kwenye rafu bila kungoja jibu. Alileta ile ya bluu ya watoto wa shule, akamweleza Mama taratibu zake. Ukimwagika, usiachwe ukauke. Maji baridi, kamwe si ya moto, na pasi isiguse nguo kabla doa halijaisha, kwani joto hulipika likabaki humo humo. Ugongegonge kwa kitambaa kutoka pembeni kuja katikati, usisugue. Likikaidi, loweka kwenye maziwa, halafu sabuni ya nyongo ya ng'ombe. "Ila upesi, mama," alisema. "Wino huu una huruma, lakini hauna subira."

Mama alitabasamu. Alikuwa mtu wa Hamburg, mwisho wa kaskazini wa nchi, na alipenda mambo yanayoelezeka. Bibi hakuacha kumkumbusha alikotoka. Mbele ya wageni alimwita "Mprusi wetu", jina la kejeli kwa watu wa kaskazini, huku akicheka, na wageni walipoondoka, kicheko kiliondoka nao.

Korbi alipewa kalamu mkesha wa Krismasi, akalala nayo chini ya mto. Siku chache baadaye alitaka kuijaza mwenyewe. Alizungusha kifundo cha nyuma upande usio wenyewe, na badala ya kuvuta, kalamu ikatema. Alikuwa amevaa shati jeupe aliloshonewa na Mama, kwa kuwa siku ya Wafalme Watatu angezunguka kijijini na wenzake wakiimba, naye angekuwa Mfalme Kaspar, mmoja wa mamajusi watatu waliomzuru mtoto Yesu. Alikuwa akijaribu kama linamkaa. Sasa lilikuwa na doa la bluu kubwa kama andazi.

Mama alikwisha chota maji Bibi alipoingia.

"Usithubutu," Bibi akasema. "Siku hizi nguo hazifuliwi. Wafu wanapita na upepo. Wakikuta nguo nyeupe kambani wanaichukua iwe sanda, na mwaka hauishi kabla mtu wa nyumba hii hajavishwa."

"Mama, wafu wana sanda zao. Mtoto ana shati moja," Mama akamjibu.

"Lingoje Wafalme wapite."

"Doa haliwangoji wafalme."

Korbi alikuwa amesimama kifua wazi karibu na jiko, anatetemeka na kucheka. "Kwani mfalme si mimi?" akasema. "Basi mfalme amesema lifuliwe."

Tulicheka wote, hata Baba. Bibi peke yake hakucheka.

Doa lilitoka kama Bi Zirngibl alivyosema, kwanza likawa la rangi ya mbingu, kisha ya maziwa, kisha halikuwepo. Siku ya Wafalme Korbi alilivaa, akaimba mlango kwa mlango, taji la karatasi likimwangukia machoni. Mapema mwezi wa pili shingo yake ilikakamaa asubuhi, na kesho yake jioni hakutujua tena. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo, imeshika watoto bonde zima, tusitafute mchawi. Mama alilipiga pasi lile shati na kumvisha azikwe nalo, maana nguo nyingine nzuri hakuwa nayo.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikamngoja Bibi aseme. Sisi sote tulimngoja. Kama angemtupia Mama neno, Mama angelijibu, maana kwa kujibu alikuwa hodari. Lakini Bibi hakusema kitu, si siku ya maziko, si baada yake. Kitu kimoja tu alikibadilisha. Hakumwita tena Mprusi. Kuanzia siku ile alimwita kwa jina lake, Elfriede, polepole, kwa upole wa kuzungumza na mgonjwa, na mimi nilimwona Mama akinywea kila alipoitwa.

Tangu hapo, Krismasi ilipofika, Mama alifungia beseni na ubao wa kufulia ghalani. Alikusanya hata leso zetu. Majirani walimsifu, wakasema amekuwa mwenzao. Mimi nilimkumbuka yule mwanamke aliyecheka peke yake uani, nikaona kuwa tulizika watu wawili.

Miaka kumi na sita ilipita. Nilikuwa muuguzi Munich, nikarudi nyumbani kwa sikukuu na kumkuta Bibi hainuki tena kitandani. Mchana mmoja, zile zile siku zisizofuliwa nguo, alijilowesha. Nilimbadilisha, nikayakunja mashuka niyaweke kando, kwani sheria ya nyumba niliijua.

"Kayafue," Bibi akasema.

Nilidhani akili imemtoka. "Bibi, Wafalme hawajapita."

"Wafalme, wafalme. Kabla mama yako hajaja nyumba hii, babu yako alilala kwenye kitanda hiki hiki miaka saba, tangu kiharusi kimpige. Ulitaka nimwache na mkojo wake mpaka Wafalme wapite? Nilifua kila mwaka, nikaanika juu ya jiko la mikate, mlango nimeufunga. Hakufa mtu. Yeye mwenyewe alifia hospitalini, na mwaka huo sikufua hata leso."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Na Mama hukumwambia."

Aligeuza uso ukutani. "Siku mtoto yule alipokufa nilitaka kumlaani Mungu," alisema. "Kuna mtu alipaswa kuibeba lawama ile. Elfriede alikuwa karibu zaidi."

Nilimchukia. Kisha nikamfunika vizuri, maana chumba kilikuwa cha baridi naye alikuwa amebaki mifupa mitupu.

Nilishuka na mashuka mikononi. Mama alikuwa jikoni akimenya viazi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, bila kupumzika, na moyo ulinienda mbio kwa furaha, Mungu anisamehe. Niliona namfungulia mlango uliofungwa miaka yote ile.

"Miaka saba?" aliuliza.

"Saba, Mama."

"Na hakufa mtu."

"Hakufa."

Aliweka kisu chini. Ganda la kiazi lilikuwa bado limemning'inia kidoleni, hakulitoa.

"Basi Korbi alikufa bure tu," alisema.

"Mama, daktari alisema..."

"Daktari alitaja ugonjwa. Mimi nilikuwa na sababu. Kila nikiamka nilijua kwa nini hayupo. Sasa nikiamka nitajiambia nini?"

Nilikuwa nimewafumba macho watu wengi wodini, na kwa mama yangu mwenyewe sikuwa na neno hata moja.

Aliinuka akanipokea yale mashuka, akayapeleka nyuma ya jiko kulikorundikwa nguo chafu za wiki ile, akayaweka juu yake.

"Yakae hapo mpaka Wafalme wapite," alisema, akarudi kwenye viazi vyake.