Radi Saba

Walibadilisha jina, kadi hawakuibadilisha. Mwaka jana iliitwa Radi Tano, boksi la bluu. Mwaka huu inaitwa Radi Saba, boksi jekundu lenye mnyama anayetema moto. Nilipofungua la kwanza nilikuta feni zilezile, na ukucha wangu ukagusa ukingo wa stika ya zamani chini ya stika mpya.

Mimi nauza kadi za grafiki, zile zinazowekwa ndani ya kompyuta ili michezo na video zisikwame. Nauza Radi tu. Nilisaini hivyo, na kampuni ikapaka duka langu rangi yake nyekundu, ikajaza mabango kwenye vioo mpaka mchana nawasha taa. Ng'ambo ya korido, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anauza za washindani wao, Kimbunga. Tunaazimana bisibisi na kuibiana wateja.

Siku ya uzinduzi Wakala wa kampuni alikuja na fulana za bure na mapulizo. Watu wakajaa. Akaninong'oneza, "Mzee, leo hakuna kupima."

Kupima ndiko kulikonipa jina. Mteja akileta kadi yake, naiweka kwenye mashine iliyo juu ya kaunta, kisha naweka mpya, aone mwenyewe tofauti. Shule niliacha mapema na maneno matamu sina. Mashine ndiyo hunisemea.

"Na mteja akitaka?"

"Mpe fulana."

Hapo hapo akaingia Mama Harusi. Tunamwita hivyo kwa sababu anahariri video za harusi. Mkobani alikuwa na Radi Tano, niliyomuuzia mwenyewe.

"Kaka, hii inanitia aibu. Bibi harusi anakaribia kujifungua na video bado haijatoka. Nipe hiyo Saba. Ila pima kwanza."

"Mama, chukua fulana," Wakala akadakia.

"Nikiivaa, kompyuta itakimbia?"

Watu wakaangua kicheko. Wakala akanikazia macho. Visingizio vyote vilikuwa mdomoni: umeme mdogo, waya umekatika, mashine inaumwa. Lakini yule mama alishaweka kadi yake kwenye kaunta, ananingoja kama siku zote. Nikapima. Ya zamani, halafu mpya. Namba zikatoka zilezile.

"Chumba kina joto," Wakala akasema. "Au siyo, mzee?"

"Ni ileile," nikasema. "Wamebadilisha boksi."

Mama Harusi akachukua kadi yake, akavuka kwenda kwa shemeji. Wengine wakatawanyika na fulana zao.

Kusema kweli, nilipumua. Nikajua nimeshafukuzwa: nitakwangua rangi yao, nitauza nitakacho, nitaona nje. Nikaanza kubandua bango.

"Unafanya nini?" Wakala akauliza. "Nani kakufukuza? Mkataba upo palepale. Mzigo unakuja kesho kama kawaida, na utauuza." Akachomoa waya. "Na hii mashine ni mali ya kampuni."

Akaibeba kifuani, akatoka nayo kama mtu aliyebeba mtoto.

Kwenye kaunta palibaki mraba usio na vumbi. Nilikuwa bado naukodolea macho, Mama Harusi akarudi na boksi la Kimbunga, la kijani, jipya.

"Shemeji yako kaniruhusu niiangalie kabla sijalipa. Nipimie."

"Mashine imechukuliwa."

"Basi niambie kwa mdomo."

Nikaitoa, nikaigeuza. Kimbunga za mwaka jana nilimsaidia shemeji kuwafungia wateja nyingi tu. Naijua ile skrubu yao iliyokaa kombo. Ilikuwepo, kombo vilevile. Nikainua kichwa. Shemeji alisimama mlangoni pake, mikono kiunoni, ananitikisia kichwa taratibu: usithubutu.

"Kaka?"

"Na hii ni ya mwaka jana, mama. Kaa na yako."

Akashika kadi yake ya zamani, akamrudishia shemeji boksi, akaenda zake. Nilingoja matusi. Shemeji hakunitukana. Alitoa simu mfukoni, akaanza kuongea huku kanikazia macho. Sikusikia kitu, ila nilijua kampigia dada yake, na kwamba leo nyumbani nitabisha hodi sana.

Nikarudi ndani kwenye wekundu wangu, nikawasha taa.