Biskuti Moja ya Chumvi

Pua ikivunjika, anayeisikia kwanza ni mwenye nayo. Niliusikia mlio wake ndani ya kichwa, mdogo na mkavu, kisha jiko letu likawa jeupe na nikajikuta nimekaa sakafuni, aproni imelowa damu, mayai yakiungulia kikaangoni. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mwezi wa kumi, mwaka sabini na nane. Royce, mume wangu, alikuwa amesimama juu yangu akiutazama mkono wake kana kwamba umemponyoka.

Ngumi zake nilishazizoea. Kwa miaka tisa ya ndoa alinipiga mbavuni, mgongoni, mapajani, mahali panapofunikwa na nguo, maana Royce Mattingly alikuwa mtu wa kujali sana majirani watasema nini. Usoni hakuwahi. Nilimwona anavyogundua alichokifanya. Rangi ilimtoka, akapiga magoti mbele yangu, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ananionea huruma. Alinyakua chupa ya wiski iliyokuwa mezani, akaing'oa kizibo kwa meno, akanisogezea mdomo wa chupa puani, pale pale juu ya damu.

"Unanusa? Nadine, unanusa nini hapo? Sema!"

"Damu," nikasema.

"Mungu wangu," akasema Royce. "Na kesho ndiyo siku yenyewe."

Kwetu Mudlick, Kentucky, hata miti inayozunguka maghala ya wiski ni myeusi, imevaa ukungu unaolishwa na mvuke wa mapipa. Baba zetu waliviringisha mapipa, na sisi tuliolewa na waviringisha mapipa. Mwanamume anaweza kuwa mvivu, mwongo, mdaiwa wa kila duka, lakini akiweza kuonja bourbon, wiski yetu ya mahindi, na kusema imelala miaka mingapi na kwenye ghorofa ya ngapi ya ghala, atapishwa njia kama mchungaji wa kanisa.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana wanaume walikutana kwenye banda la Mzee Thurman Hagan, mkuu wa maghala. Yeye alimimina jikoni kwake glasi tatu kwa kila mtu, namba moja, mbili na tatu, na jina la wiski akaliandika kwa kalamu ya nta chini ya kitako, pasipoonekana mpaka glasi iinuliwe juu, kisha akataja moja ya kutafutwa. Wanaume walinusa, wakaonja, wakatema kwenye ndoo au wakameza kwa kujifanya wamesahau kutema, wakabishana. Aliyekosea alichekwa hadi Jumamosi nyingine. Royce alikuwa na miaka minne hajakosea.

Royce hakuweza kutofautisha wiski na vanishi ya kupaka viti.

Mzee Hagan alikuwa mjane, na wanaume wa kwetu hawabebeani trei. Trei nilibeba mimi. Kutoka jikoni mpaka bandani ni hatua kumi na moja, na katika hatua hizo niliinamisha uso. Zilinitosha kuzinusa glasi zote. Pipa lililolala juu, chini ya bati la moto, linanukia sukari iliyoungua na tandiko la farasi la zamani. La chini, kwenye unyevu, lina majani mabichi na punje za mahindi. Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nayajua haya kama mwingine anavyojua kuimba. Nikishaweka glasi, nilizunguka na biskuti za chumvi za kusafishia ulimi. Wengine niliwawekea kiganja kizima. Kwenye sahani ya Royce niliweka moja, au mbili, au tatu, na hiyo ndiyo ilikuwa namba ya glasi aliyopaswa kuichagua. Kisha nilisimama nyuma ya kiti chake na kumsikiliza akiongea maneno niliyomfundisha usiku wa jana yake, akiyaongezea mbwembwe.

Mwaka ule Mzee Hagan alikuwa anastaafu. Kiwanda kilimwachia achague mtu wa kurithi kiti chake kwenye chumba cha kuonjea, yule anayeamua pipa gani liende kwenye chupa na pipa gani lirudi kulala. Walibaki wawili, Royce na Odell Bowling, mviringisha mapipa mpole, mtu wa kusema "samahani" hata kwa mlango.

Ile Ijumaa, kabla ya ngumi, nilikuwa nakaanga mayai.

"Ukikipata hicho kiti," nilimwuliza, "asubuhi utanusiwa na nani?"

"Nimeshaongea na watu wa kiwanda. Wewe utakuwa unafagia mle ndani. Unapita na ufagio, unanusa, unanipa ishara. Rahisi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nistaafu. Kwani wewe una kazi gani nyingine?"

Alikuwa na miaka thelathini na minne. Niliiona ile miaka yote iliyobaki, mimi na ufagio nyuma ya kiti, na puani mwangu hakuna kitu changu mwenyewe. Nikacheka. Sikupanga kucheka, kicheko kilinitoka tu. Ndipo jiko likawa jeupe.

Jumamosi asubuhi macho yangu yote mawili yalikuwa yamezungukwa na weusi. Royce alikuwa ameshawaambia majirani kwamba nimepigwa teke na ng'ombe. Hatukuwa na ng'ombe. Alinikalisha mezani, akanishikia kopo la kahawa mbele ya uso.

"Unanusa?"

"Nanusa."

"Nini hii?"

"Kahawa."

Akashusha pumzi, akanibusu utosini. Kopo lenyewe alikuwa amelishika maandishi yamenielekea mimi.

Jikoni kwa Mzee Hagan, mzee aliniangalia kwa muda mrefu huku chupa ikiwa mkononi.

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe, mzee."

"Huyo ng'ombe anavaa pete?"

Nikamsogezea mzee trei. Alimimina. Siku hiyo glasi zilikuwa sita tu, tatu za Royce, tatu za Odell. Alisema katika kila tatu kuna moja ya miaka kumi na miwili kutoka ghorofa ya juu, na anayetaka kiti chake ataitambua hiyo. Akatangulia bandani. Nikainua trei, nikatembea hatua zangu kumi na moja, nikainamisha uso kama Jumamosi zote. Nikapanga glasi. Odell nikamwekea kiganja cha biskuti. Royce nikamwekea biskuti moja.

Aliiona, akatabasamu. Alichukua glasi namba moja, akaizungusha kwenye mwanga wa dirisha, akafumba macho kama mtu anayesali.

"Aah. Hii imeona majira, wazee. Nasikia tumbaku hapa. Nasikia ngozi. Nasikia mwaloni uliochomwa na mtu anayejua kuchoma." Akaonja, akameza, akajipiga kifua. "Miaka kumi na miwili, na kama si kumi na miwili basi mnikate ulimi."

"Odell?" akauliza Mzee Hagan.

"Mi' naona tatu, mzee," akasema Odell. "Samahani."

Mzee Hagan akasogea mezani. Aliinua glasi namba tatu ya Odell, akatusomea maandishi ya chini: kumi na mbili, ghorofa ya juu. Akanyoosha mkono kwa Royce aonyeshe yake. Royce aliigeuza mwenyewe, akasoma, midomo ikicheza.

"Hiyo nimeinunua juzi kwenye kituo cha mafuta," akasema mzee. "Nilitaka kujua mmoja wenu atasema nini. Umeisifu vizuri, Royce. Nitawaambia wenye kituo wapandishe bei."

Hakuna aliyecheka isipokuwa mzee mwenyewe, na yeye kidogo. Odell, kwa wema wake, aliunyoosha mkono juu ya meza amshike Royce begani.

"Pole, ndugu yangu. Hata mimi nilibahatisha."

Nadhani ile pole ndiyo iliyomwasha. Royce aliigonga glasi kwenye ukingo wa meza, ikabaki kitako chenye meno, akaizamisha usoni mwa Odell. Odell hakupiga kelele. Alivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji baridi, akafunika uso kwa mikono miwili, na damu ikapita katikati ya vidole ikateremka mpaka kwenye biskuti zake. Meza ilipinduka. Mzee Hagan alisukumwa, akaanguka na ndoo ya kutemea. Kisha Royce akageuka kunitafuta.

"Umeniua," akasema. Alikuwa analia, nakumbuka. "Umeniua, malaya mkubwa wewe."

Ukutani ilining'inia nyundo ya mbao ambayo mzee aligongea vizibo vya mapipa ujanani mwake. Sikumbuki kuichukua. Nakumbuka kifundo cha mkono wake kikiachia kile kitako cha glasi, nakumbuka goti, nakumbuka jinsi alivyokuwa mfupi alipopiga magoti kwa mara ya pili ndani ya siku mbili. Nilimpiga begani. Nilimpiga mdomoni. Alipolala nilimpiga tena, na nitasema kweli, nilifurahi, mwili wangu wote ulifurahi. Mzee Hagan ndiye aliyenikumbatia kwa nyuma na kunibana mikono.

"Basi, binti. Basi. Ameshalala."

Askari wa wilaya aliniuliza maswali na nikamweleza habari ya biskuti. Nilimwambia pua ilikuwa imevunjika, sikuweza kunusa, nikaogopa kumwambia mume wangu, nikabahatisha. Alimtazama Royce kwenye machela, akanitazama mimi, akaandika. Mudlick nzima iliipenda hadithi hiyo. Mpaka leo inasimuliwa kwa kinyozi na kanisani: mpumbavu aliyeivunja pua iliyokuwa ikimlisha, kesho yake akaenda nayo mtihanini. Wanaisimulia wakicheka, kisha wanamkumbuka Odell na kuacha kucheka. Royce alifungwa. Alipotoka alihamia Ohio, akafia huko, na sikwenda kuzika.

Jicho la kushoto la Odell halikupona. Kiti alipewa hivyo hivyo. Majira ya kuchipua yalipofika, pua yangu ikiwa imeshapona ingawa imepinda, alikuja mpaka mlangoni kwangu akiwa na kofia mkononi na glasi tatu zimefungwa kwenye taulo. Nilizinusa pale pale kizingitini na kumwambia kila moja ilikolala. Akaomba samahani kwa kunisumbua, akasema Jumatatu kuna kiti cha pili mezani. Nilikalia kiti hicho miaka ishirini na sita. Nilikaa kulia kwake, upande wa jicho zima, kwa sababu alipenda kuniona uso ninaponusa. Alisema uso wangu unajua kabla yangu.

Tulipostaafu tuliendelea. Kila Jumamosi mchana, barazani kwake, viti viwili, cha kwangu kulia. Na kila mwaka mwezi wa kumi ukifika, baada ya glasi ya pili, alinitania utani ule ule.

"Yule ng'ombe wako. Angekupiga mbavuni kama kawaida yake, leo ningekuwa na macho mawili."

"Kabisa," nilijibu kila mara.

Mwaka jana sikujibu hivyo. Sijui kwa nini mwaka jana. Labda ni kwa sababu mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na nilimwona anashika glasi kwa yote miwili.

"Odell," nikasema. "Siku ile nilinusa."

Hakugeuka.

"Tundu la kushoto lilizibuka alfajiri. Nilikuwa kitandani, nikasikia harufu ya nyama ya nguruwe ikikaangwa kwa jirani. Nilipobeba trei nilizijua zote. Tatu ilikuwa sukari iliyoungua na tandiko. Moja ilikuwa takataka. Nilimpa biskuti moja kwa makusudi."

Gari lilipita barabarani, likapotea kwenye kona.

"Ungempa tatu, angeshinda," akasema.

"Mngefungana. Na kwenye kufungana Mzee Hagan angempa yeye, kwa ile miaka minne. Ningefagia chumba kile mpaka nizeeke."

"Ulijua atafanya vile?"

Nilikuwa nimejiuliza swali hilo mara nyingi kiasi kwamba jibu lilikuwa limekaa tayari.

"Nilijua atapiga mtu. Nilidhani ni mimi."

Odell alitikisa kichwa taratibu. Nilipoinua chupa kummiminia, alifunika glasi yake kwa kiganja.

"Leo inatosha, Nadine," akasema. Hakusema samahani.

Wiki ile sikulala vizuri hata siku moja. Jumamosi nilioka mkate wa mahindi, nikaufunga kwenye kitambaa, nikatembea mpaka kwake nikiwa tayari kukuta mlango umefungwa. Alikuwa barazani. Kiti changu kilikuwepo, chupa ilikuwepo, glasi mbili zilikuwepo. Lakini kiti alikuwa amekihamisha. Kilikuwa kushoto kwake, upande wa jicho lisiloona, kimewekwa sawa sawa, na mto juu yake.

Nilisimama kwenye ngazi nikakitazama. Yeye alikuwa anaangalia barabara.

Nikakaa. Nikamimina glasi mbili, na kwa kuwa upande ule haoni, nikaisogeza yake juu ya meza, polepole, mpaka ikamgusa kidole. Alikaa kitambo. Kisha akaichukua.