Pete Inayotembea

Jina la tamasha lilikuwa limeandikwa kwa taa.

Msasa aliliona tangu kwenye kona ya barabara ya ufukweni, bomba la darubini likiwa begani, mkewe nyuma yake amebeba miguu ya kulisimamishia. TAMASHA LA GIZA, herufi moja moja, balbu nyekundu na za njano zikiwaka na kuzimika kwa zamu, na jenereta ikinguruma pembeni kama fahali aliyenyimwa maji.

"Usianze," mkewe alimwambia.

"Sijasema kitu."

"Shingo yako imeshasema."

Kwa kazi Msasa alikuwa fundi vioo. Alikata vioo vya madirisha, alitengeneza vioo vya kujitazamia, na ukimletea kabati lililopasuka kioo alikurudishia likiwa jipya. Jina la Msasa alipewa na mtaa, baada ya mwaka mzima wa kumsikia akisugua kioo juu ya kioo, unga wa kusagia na maji katikati, akiizunguka meza kama ng'ombe wa kinu, mpaka kile cha juu kikabonyea katikati kama kiganja kinachokinga maji. Akakipaka fedha kwa mkono wake, akakitia chini ya bomba, na usiku wa kwanza alipochungulia, alikaa kimya mpaka mkewe akadhani ameumwa na kitu.

Ila meza haikuwa yake. Ilikuwa ya baba mkwe wake, seremala, meza ya mbao ngumu iliyosimama katikati ya karakana, nzito kiasi kwamba ukiigonga nyundo inakurudishia nyundo yako. Msasa na mkewe walipanga chumba cha ghorofani chenye sakafu ya mbao. Jirani akikohoa, maji ya glasi yanacheza. Mahali pa namna hiyo huwezi kusugua kioo. Basi mzee akamwazima mkwewe meza kwa heshima ya binti yake, na mwaka mzima yeye akawa anapigia randa mbao zake juu ya mapipa, mgongo ukimuuma na ulimi ukimwasha.

Sasa Msasa alitaka kusugua kioo cha pili, kikubwa zaidi. Hapo ndipo mzee alipoweka sharti.

"Mkwe wangu, mimi sikukatalii," alimwambia wiki ile, akipangusa takataka za randa kwenye nyusi. "Nitakuja kwenye hilo tamasha lenu, nitaangalia mara moja. Nikiona hicho unachokisifia, meza ni yako mpaka uchoke mwenyewe. Nisipoona, Jumatatu naweka kabati la watu juu yake, na wewe urudi kwenye madirisha kama wenzako."

"Utaiona sayari ya Zohali, baba. Ina pete."

"Hata mimi nina pete. Nilivishwa na mama yenu."

Ndiyo maana zile balbu zilimkaa Msasa kooni. Alisimamisha darubini mwisho wa uwanja, mbali na jukwaa, akamfuata mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti alikuwa mwenye duka la vifaa vya umeme, na hilo peke yake lingetosha kumwambia mtu tamasha lingekwendaje.

"Mwenyekiti, zile balbu."

"Umezionaje?"

"Nimeziona. Kila mtu ameziona. Tatizo ni kwamba hatutaona kitu kingine."

"Sasa bwana mdogo, bila taa watu watajuaje kwamba giza liko hapa?" Mwenyekiti akampiga begani kwa mapenzi. "Vumilia. Mgeni rasmi akimaliza kuhutubia, tunazima."

Watu wakaanza kujipanga kwenye darubini. Wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyevaa miwani, akawasha tochi ya simu na kuimulika ndani ya mdomo wa bomba.

"Mama, tafadhali zima taa."

"Nikizima nitaonaje?"

"Nyota zinawaka zenyewe, mama. Jicho unaliweka hapa ubavuni, kwenye hili tundu."

"Mbona humu ndani najiona mwenyewe?"

Nyuma yake kijana mmoja aliinua simu, akaipiga picha mbingu kwa mwako ulioacha macho ya watu wote yakiona madoa ya kijani. Akaitazama picha yake, akasikitika. "Imetoka nyeusi."

"Ndilo tamasha lenyewe," Msasa alisema, na mkewe akamfinya mkono.

Kilichomuudhi kuliko vyote kilikuwa ng'ambo ya ghuba. Kule kwenye gati la ghala la barafu palikuwa na taa moja kubwa juu ya nguzo, nyeupe, isiyofumba. Kwa macho matupu ilikuwa punje tu, kwa kuwa kule kulikuwa mbali kweli, lakini ilikuwa punje inayochoma. Kamati nzima ilikuwa imekubaliana izimwe. Msasa mwenyewe ndiye aliyetoa hoja, na mwenyekiti akasema imepita.

Aliilenga Zohali, akaipata, ndogo na safi, pete yake imekaa kama ukingo wa kofia. Akashusha pumzi.

"Namfuata tena mwenyekiti kuhusu taa ya gati," alimwambia mkewe. "Baba akija, aweke jicho tu. Mtu asiguse bomba."

Alimkuta mwenyekiti chini ya jukwaa. Juu, mgeni rasmi alikuwa anasoma hotuba, na mtu amesimama kando yake akimmulikia karatasi. "Giza ni utajiri wetu," mgeni rasmi alisoma, akiyakwepesha macho yake kutoka kwenye tochi. Watu wakapiga makofi.

Mwenyekiti alikubali kumpigia simu mlinzi wa ghala, akaweka sauti ya nje ili Msasa ajisikilizie mwenyewe.

"Nizime?" mlinzi aliuliza kutoka ng'ambo. "Mzee, mimi nimeajiriwa kulinda, sikuajiriwa kupapasa."

"Ni kwa muda mfupi tu," mwenyekiti alisema.

"Wezi nao hawahitaji muda mrefu."

Mwenyekiti akafunga simu, akainua mabega. "Umemsikia. Hoja yake nayo ina uzito."

Msasa alirudi akiwa amebanwa na maneno kama chupa ya soda iliyotikiswa. Watu walikuwa wamehamia jukwaani kumsikiliza mgeni rasmi. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, amekumbatia magoti, na hakumtazama. Ndipo Msasa akaliona bomba. Aliliacha limeelekea juu. Sasa lilikuwa limelala sawasawa, limenyooka kama ubao wa rafu.

"Baba amekuja?"

"Amekuja na ameondoka."

"Nani amegusa hili?"

Mkewe akakuna kifundo cha mguu. "Alisema limekaa mshazari."

"Limekaa nini?"

"Mshazari. Alisema kazi nzuri ila hujaisawazisha, kitu kinataka kuanguka. Akakilaza vizuri. Akafumba jicho moja, akakipima, akaridhika. Kisha ndipo akachungulia."

"Na wewe ukamwangalia."

"Nimwambie nini? 'Baba, ondoa mkono wako'? Wewe ungemwambia?"

Asingemwambia. Aliinama, akaweka jicho kwenye tundu. Bomba lilikuwa limetazama ng'ambo ya ghuba, na ndani yake ilijaa taa ya gati, mviringo, nyeupe, kubwa kama sahani, na wadudu maelfu wakiizunguka.

"Alifurahi," mkewe alisema taratibu. "Alikaa hapo mpaka watu wakaanza kuguna. Ameondoka anatabasamu. Mimi baba yangu nimemwona akitabasamu siku ya harusi yetu tu, na siku hiyo nilidhani ni jino linamsumbua."

Msasa alishika njia kumfuata mzee amrudishe. Hakufika hata barabarani. Upepo uligeuka, na kutoka baharini wingu likapanda, zito, likafunika anga nzima kama mtu anayefunika chungu. Wakati huohuo mgeni rasmi akamaliza, mwenyekiti akatoa ishara, na balbu zote zikazimwa. Watu wakainua vichwa. Juu hapakuwa na nyota hata ya dawa.

"Giza limekubali," mtu mmoja alisema, na wengine wakacheka.

Asubuhi mkewe alimpa chai na onyo. "Leo ukifungua mdomo, hicho kioo cha pili utakisugulia kwenye kichwa chako. Umesikia? Ulitaka meza. Meza imekuja. Nyamaza uipokee."

Karakana ilikuwa inanukia mbao mbichi na gundi. Meza ilikuwa imefagiliwa, misumari imeondolewa, hata ule mguu uliokuwa ukicheza ulikuwa umepigiwa kabari. Mzee alisimama mlangoni na fundi cherehani wa duka la pili, mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni, na alikuwa anazungumza kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huyu hapa. Muulize mwenyewe." Akamgeukia fundi cherehani. "Nimeiona kwa jicho langu hili. Nyeupe, ya mviringo, na pete yake. Lakini wewe," akamwelekezea Msasa kidole, "hukuniambia kwamba pete yenyewe inatembea. Inazunguka. Ina vitu vidogovidogo vinaruka, vinapishana, havigongani. Nikasema Mungu mkubwa. Usiku kucha sikulala."

"Inazunguka hivihivi mtu anaiona?" fundi cherehani aliuliza.

"Kama ninavyokuona."

"Basi namleta dada yangu. Msiondoke." Akaenda zake mbiombio, futi ikimpigapiga kifuani.

Mzee akaigonga meza kwa kiganja. "Yako. Mpaka uchoke."

Msasa alikuwa amepata alichokitaka, na kilikuwa kichungu kama shubiri. Kwa mwaka mzima alikisugua kioo kile, baada ya kukitupa kingine kwa kosa jembamba kuliko unywele, kosa ambalo hakuna jicho la mtu lingeliona ila lake. Na leo mtu aliyemtaka aone kuliko wote ameona taa, akaisifu. Alilifikiria onyo la mkewe. Alilifikiria kwa uzuri kabisa, kisha akasikia mdomo wake umeshaanza.

"Baba, ile haikuwa Zohali."

Mzee alikuwa ameshika randa. "Ilikuwa nini?"

"Taa ya gati la ng'ambo. Wale walikuwa wadudu."

Randa ikasimama. "Unaniambia mimi sijui taa."

"Sikusema hivyo, baba."

"Taa ile mimi nimezaliwa haipo. Ngazi waliyopandia kuiweka, nimeichonga mimi."

"Ulipolilaza bomba, liliangalia kule."

"Lilikuwa limekaa mshazari."

"Nyota ziko juu, baba. Lazima likae mshazari."

Mzee aliiweka randa chini. Aliangalia mbao zake, akaangalia meza, na Msasa akaona jinsi taya lilivyokaza. "Lilete," hatimaye alisema.

Msasa alilichukua bomba, alilokuja nalo na kuliegemeza pembeni ya mlango, akalisimamisha kizingitini, ambapo ghuba ilionekana juu ya mapaa ya mabati. Mzee mwenyewe ndiye aliyelilaza. Akachungulia, akalisogeza kidogo, akatulia. Taa ya gati ilikuwa imezimwa kwa kuwa mchana sasa ulikuwa umeingia, na nguzo yake ilikuwa imesimama kichwa chini, na juu yake, yaani chini yake, kunguru.

"Kunguru amening'inia."

"Kioo hiki hupindua, baba."

Mzee aliinua kichwa, akatazama ng'ambo kwa macho matupu. Nguzo ilikuwa nyembamba kama uzi, na kunguru hakuwepo kabisa. Akarudisha jicho kwenye tundu, akakaa hapo muda mrefu.

"Ana kamba mguuni," alisema. "Kamba ya plastiki. Ya bluu."

Msasa akasogea karibu.

"Hiki kioo umekisugulia juu ya meza yangu?"

"Juu ya meza yako, baba."

"Kizuri."

Neno hilo Msasa alilingoja mwaka mzima, na limekuja kwa ajili ya kunguru. Hakujua acheke au alie, akabaki amesimama na mikono yake.

Mzee alinyooka, akajishika kiuno. Sura yake haikuwa ya mtu aliyefurahi. "Nimemwambia fundi cherehani. Nimemwambia muuza maziwa. Mama yenu nimemwamsha usingizini nikamweleza."

"Nitawaambia mimi, baba. Ni kosa dogo, mtu yeyote..."

"Utawaambia nini? Kwamba mkweo amekodolea macho taa ya ghala la barafu akasema Mungu mkubwa?" Akavuta pumzi puani. "Sikiliza. Meza inabaki, kwa sababu kioo nimekiona. Ila habari ya taa isitoke humu. Siku anga ikiwa safi utanionyesha hiyo Zohali yako, nitaiona, na nitakuwa sikusema uongo. Nitakuwa nimetangulia tu."

"Baba, Zohali haina wadudu. Watu wakiiangalia wataniuliza wako wapi."

"Waambie wamelala."

"Siwezi kusema..."

"Basi usiseme kitu. Kunyamaza nako kunakushinda? Kwa maneno haya yote, binti yangu anaishi vipi na wewe?"

Nje viatu vikasikika kwenye kokoto. Fundi cherehani alirudi na dada yake, dada ameshika mkono wa shangazi, na shangazi ameshavaa kanga ya kutokea.

"Tumekuja kuona pete inayotembea," fundi cherehani alisema.

Mzee alikuwa ameinamia mbao zake. Randa ilikwenda na kurudi, ikaenda na kurudi, na hapakutoka hata takataka moja.

Msasa alimtazama, kisha akawatazama wageni. "Mchana haionekani, mama," alisema, na hilo angalau lilikuwa kweli.

"Jioni basi?"

Alitazama juu. Wingu lilikuwa bado limekaa palepale, kama mgeni aliyeambiwa jisikie nyumbani. "Jioni tutaona."

Walipoondoka alikiweka kioo kipya juu ya meza, akanyunyiza unga na maji, akaanza kuzunguka. Alisugua kwa nguvu ambayo kioo hakikuihitaji, mpaka mzee, bila kugeuza kichwa, akamwambia, "Taratibu, bwana. Hicho hakijakukosea."