Sa ya Vasundhara

...na Bwana Natesan wa ukumbini bado anasema, simu imebanwa kati ya sikio na bega, kahawa inadondoka tone kwa tone kwenye kichujio cha shaba, na Mwalimu Kodhai anaitikia ehe, ehe, wala nusu hasikii, maana chumba cha pili binti yake Vasundhara anapiga kinanda, amerudi juzi tu kutoka Viena baada ya miaka kumi na mmoja, na vidole vinapanda vibao vyeupe kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayeamka... "Mama, wachapaji wananingoja, jina la binti niliweke kwenye tangazo la onyesho lako au nisiliweke? Msimu huu wa muziki wa Margazhi ukumbi utajaa wale wale wanaokujua toka ujana, watasema mwalimu kazeeka, siku hizi anaimba na kabati," kinanda anakiita kabati, mwone huyu, tumbo lote limejaa vitumbua vya idli vya bure za kila ukumbi hapa Mylapore, lakini ana haki, hapo ndipo panapouma, kinanda hakiwezi kuitikisa sauti, kila sauti imesimama wima peke yake, na raga, ngazi ya sauti tunayoimbia, isiyotikiswa ni wali usio chumvi, atajibu nini, na Vasundhara aliomba mara moja tu, juzi, akimenya vitunguu bila hata kumtazama, "Amma, tufanye onyesho pamoja safari hii, ukikataa sitauliza tena," na hatauliza kweli, anamjua, ataondoka zake tarehe nane na huko atakaa.

Sa ri ga ma pa da ni, sauti saba na sa ndiyo nyumbani, anachopiga ni raga ya Shankarabharanam, ndiyo yenyewe, wale wenzetu huiita do re mi na kuwapa watoto siku ya kwanza, sisi unaweza kuishi nayo miaka ishirini usiimalize, sasa anaanzia kibao cha pili, vile vile vyeupe, hakuongeza kitu wala kupunguza, na loo, raga nyingine kabisa, Kharaharapriya hiyo inaingia, bega la Kodhai linalegea, simu nusura ianguke, "Mama, unanisikia?" ehe, anaanzia cha nne, Kalyani, raga ya jioni asubuhi yote hii, chumba kizima kinapata rangi nyingine, anaanzia cha sita, Natabhairavi, na huzuni inakuja pole pole kukaa jikoni, sauti ni zile zile saba, nyumba tu ndiyo imehama, si jambo geni, yeye mwenyewe huwafanyia watu jukwaani, anaihamisha sa kwa ujanja kidogo halafu anairudisha, wazee wanatikisa vichwa, wanasema ah, mwalimu huyo... mbona basi anamwona Vasundhara yule wa zamani, pale, kwenye cha sita, mtoto wa miaka tisa mkekani, tambura ya nyuzi inavuma sa ile ile, wanafunzi wenzake wamekaa mstari mmoja, anaimba Shankarabharanam, anafika da, sauti ya sita, na kutulia pale, anapajenga, anaendelea kupanda kutoka pale pale kana kwamba ndipo alipozaliwa, na mama yake anampiga paja, "Sa yako iko wapi?" na mtoto, macho bado yamefumbwa, "Ipo, Amma, nimehamia hapa kidogo," darasa zima likacheka, na yeye mwalimu akacheka nao, akamrudisha kwenye tambura, rudia, rudia, mara arobaini mpaka sauti ikakauka, na mwaka uliofuata mtoto akaomba kufundishwa kinanda, watu wakasema Wazungu wamemloga.

Ya kale hayanuki, husema watu, waongo, haya yananuka mpaka leo, alikuwa na masikio gani siku ile, tambura ilimvumia sa moja tu na yeye akamsikia mtoto anapotea, kumbe alikuwa anasafiri, miaka tisa, bila kufundishwa na mtu... "Mama Kodhai, ndiyo au siyo? Nataka neno moja tu," anasema Bwana Natesan, kahawa inadondoka, chumba cha pili vidole vimerudi mwanzo wa ngazi vinapanda tena, na neno moja, ndiyo, analo, hilo si kazi, waache waseme kabati, waseme wanavyotaka, kazi ni hili jingine, namna ya kuingia chumbani kwa mwanamke wa miaka thelathini na nne na kumwambia kwamba siku ile hakukosea.