Mtafute Jerusha

Kila Jumanne na Ijumaa nikiingia chumbani kwa mama, kule nyumba ya wazee, huniuliza swali lile lile.

"Bibie, Jerusha yuko wapi?"

Jerusha ni mimi. Jerusha Corliss, mwanawe wa pekee, umri miaka sabini na mmoja, magoti mabovu na mdomo usio na breki. Mwanzoni nilikuwa namjibu, "Ni mimi hapa, Mama." Ananitazama juu mpaka chini kama mteja aliyeonyeshwa samaki wa juzi, kisha ananijibu kwa adabu zake zote, "Hapana, bibie. Jerusha si mkubwa hivyo. Nenda kamtafute."

Basi natoka, naingia kwenye gari langu pale uani, nalia. Nasema wazi, sioni haya. Nilichokuwa nakitaka duniani ni kimoja tu: mama aniite kwa jina langu japo mara moja kabla hajafa. Ana miaka tisini na minne, na jina langu halikauki mdomoni mwake, ila kila akilitaja hanitaji mimi. Hebu niambie, kuna njaa gani kali kuliko hiyo?

Muuguzi mmoja ndiye aliyenipa wazo. "Labda anamsema Jerusha mwingine," aliniambia. "Katika ukoo wenu hakuna mwingine?"

Loo! Yuko, tena ndiye aliyetugombanisha miaka arobaini. Ni Jerusha Pennell, ambaye sisi wa upande wa mama tunahesabu kuwa ni bibi yetu wa bibi wa mabibi. Baba yake, Josiah Pennell, aliteremka melini akitoka Uingereza, akapewa shamba la mawe matupu hapa Haddon, wakati Massachusetts bado iko chini ya mfalme. Mama alitamani kitu kimoja tu, athibitishe kwamba sisi ni damu ya Josiah. Kikwazo alikuwa binamu yake Wendell, daktari wa meno mstaafu, aliyeandika kitabu cha ukoo chenye jalada la kijani na picha yake mwenyewe mbele.

Wendell alisema hivi: Kanisani imeandikwa kwamba Jerusha wa Josiah alibatizwa mwaka 1688. Makaburini kuna jiwe lake, Jerusha, amekufa 1690, umri miaka miwili. Halafu daftari la ndoa linasema Jerusha Pennell aliolewa mwaka 1712. Mfu haolewi! Kwa hiyo yule aliyeolewa alikuwa mtumishi tu aliyejibandika jina, na uzao wake wote ni wa kuokoteza. Aliyasema hayo kwenye mkutano wa ukoo, mwezi Agosti, mbele ya sufuria la maharage na watu sitini. Mama aliweka sahani yake chini akaenda zake, na hakurudi tena kwenye mkutano ule.

"Mtafute Jerusha," anasema mama. Nikajiambia, haya, nitamtafuta. Pengine nikimletea Jerusha wake roho itatulia, na ikitulia atakumbuka kwamba ana binti.

Kazi hiyo naijua. Nilikuwa karani wa mji huu miaka thelathini na mmoja. Nimeandika vizazi na vifo vya watu, nimesahihisha makosa ya kila mzembe aliyewahi kushika kalamu. Kosa moja tu lilinishinda, nalo lilikuwa nyumbani kwetu. Kwenye Biblia ya ukoo, mahali pa kuandikia watoto, mama ameandika kwa mkono wake: Jerusha, 2 Machi 1951. Cheti changu kinasema 19 Mei 1953. Nilipokuwa msichana nilimcheka, nikamwambia, "Mama, yaani hata siku uliyonizaa huijui?" Hakucheka. Alisema, "Iache ilivyo," akaenda kukoroga sufuria. Nikaiacha.

Aliyepokea kiti changu ofisini ni Darlene, msichana mwenye kucha ndefu. Aliponiona alishika kiuno.

"Bibi Corliss! Ulistaafu au ulikwenda likizo?"

"Nimekuja kuona kama hujachoma moto madaftari yangu. Nifungulie stoo."

"Stoo kuna baridi. Hayo magoti je?"

"Magoti ni yangu, ufunguo ni wako. Kila mtu alete chake."

Alicheka, akanifungulia, na kiti akanibebea.

Nililisoma daftari la kwanza la mji siku tatu. Vizazi vinaishia 1689, kavu, halafu yanaanza mambo ya mipaka na madaraja. Wendell na wenzake wote waliishia hapo, tena kwenye nakala iliyochapishwa, maana daktari wa meno hataki vumbi. Lakini mimi nawajua makarani wa kale. Karatasi ilikuwa adimu, na wao mikono ya birika. Daftari likijaa upande wa mbele hawanunui jingine: wanaligeuza kichwa chini, wanaanza upya kutokea nyuma.

Nikaligeuza. Nikakuta alama za masikio ya mifugo, maana enzi hizo ng'ombe na nguruwe walizurura pamoja na kila mwenye mali aliandikisha alama yake. Huyu kachanja sikio la kushoto, yule katoboa la kulia. Kurasa na kurasa za masikio. Na katikati yake, pale karani alipoona kijinafasi, kabana mtoto. Ukurasa wa saba, chini ya nguruwe wa mtu anayeitwa Goodrich, nikasoma: "Jerusha, binti wa Josiah Pennell kwa mkewe Submit, amezaliwa 4 Juni 1692."

Nilipiga ukelele mpaka Darlene akaja mbio akidhani nimeanguka.

"Walikuwa wawili!" nilimwambia. "Wa kwanza amekufa, wa pili akapewa jina la marehemu. Ndivyo walivyofanya watu wa zamani, jina halizikwi. Na mimi nilijua! Mjinga mimi, desturi hiyo naijua tangu utotoni, sikuikumbuka!"

"Sasa mbona unalia?"

"Ni vumbi," nilimwambia. "Uwe unafagia."

Wendell nilimpigia simu hapo hapo, nikampa vidonge vyake. Alisema atafikiria kutoa toleo jipya. Nikamwambia afikirie haraka, na kwenye picha avue miwani.

Ijumaa nikaenda kwa mama na nakala yangu kwenye bahasha. Alikuwa amekaa dirishani na kikombe cha chai mapajani, Biblia ya ukoo kwenye kimeza kando yake.

"Bibie, Jerusha yuko wapi?"

"Nimempata, Mama."

Kikombe kikatua kwenye kisahani. "Umempata?"

"Nimempata. Walikuwa wawili. Wa kwanza alikufa akiwa mtoto mdogo, halafu mama yake akazaa mwingine, akampa jina lile lile."

Nilingoja atabasamu. Badala yake alipindua kikombe, chai ikamwagikia blanketi.

"Nani kakwambia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimeona kwenye daftari."

"Daftari gani? Sikuandika mahali popote. Baba yake alisema tusiseme tena. Tulihama mji wa Marlow, tukaacha na kazi ya kiwanda cha viatu, tukaja huku ambako hakuna anayetujua." Alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. "Mwaka mmoja na miezi mitano, bibie. Alikuwa anasema 'maji'. Alikuwa anasema 'paka'. Homa ya mapafu, siku mbili tu. Nimemwacha peke yake kule. Nenda kamtafute."

Nilifungua mdomo nimwambie, Mama, namsema Jerusha Pennell. Nikaufumba. Niliitazama Biblia. Tarehe mbili Machi, 1951. Mama hakukosea.

Nisiwadanganye, kitu cha kwanza nilichosikia ni hasira. Miaka sabini na mmoja nimevaa jina la mtu na hakuna aliyenifungulia kinywa! Nilikuwa na dada. Ningeweza kumpelekea maua. Ningejua kwa nini mama alikuwa akiniita jioni nirudi ndani, nikija mbio ananitazama kama anayengoja mtoto mwingine atokee nyuma yangu. Halafu nikaiona ile mikono yake juu ya blanketi lililolowa, na hasira ikaniishia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Huyu aliubeba peke yake, na watu wote waliokuwa wanaujua wamekwisha kufa.

Nilimpangusa chai. Nikavuta kiti.

"Mama, yule wa pili mbona hukumwandika?"

Aliukunja ukingo wa blanketi. "Ningemwandika yeye, ingebidi kwanza niandike kwamba mwenzake amekufa. Ndivyo Biblia ile ilivyo, mmoja kisha mwingine. Kila mwaka nilisema mwakani." Akatikisa kichwa. "Sikuweza."

Nikaifungua Biblia mapajani mwangu, nikatoa kalamu. "Leo tuandike wote wawili. Mimi nilikuwa karani. Wewe sema tu."

Alifumba macho. "Amekufa tarehe tisa Agosti, hamsini na mbili. Marlow. Amelala upande wa ukuta, hana jiwe."

Niliandika. Nikamwambia wiki ijayo nitakwenda Marlow, na jiwe atapata, na jina lake juu yake. Aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka bila sauti. Chini ya jina lile palikuwa na mstari mmoja mtupu, ambao siku zote nilidhani ni uzembe wake.

"Na huyu wa pili?" niliuliza. Tarehe naijua, ningeweza kuiandika nikiwa usingizini, ila niliitaka itoke kwake, na niliogopa haimo tena. "Wa pili niandike nini, Mama?"

"Jerusha," alisema, bado amefumba macho. "Tarehe kumi na tisa Mei, hamsini na tatu. Ilikuwa Jumanne, asubuhi, mvua inanyesha. Alitoka anapiga kelele na hajanyamaza mpaka leo."

Nikaandika kwa shida, maana karatasi siioni.

Mama akafumbua macho, akainama kuutazama mstari wangu, kisha akanitazama mimi.

"Mwandiko mbaya vile vile tangu shule," alisema. "Andika vizuri, Jerusha."