Tahadhari ya Nyumba Namba Kumi na Nne

Mimi naitwa Odeta Kashindye, na kama kuna mtu kawaambia nilifukuzwa kazi kwa kiherehere, mwambieni aje anihoji mwenyewe. Miaka sita nimekaa kwenye kompyuta ya ofisi ya kupangisha nyumba, Ilemela. Kwenye mfumo wetu kila nyumba ina faili lake, na kila mteja ana lake. Ukiandika tahadhari kwenye faili, maandishi mekundu yanatokea juu yake, na yeyote atakayelifungua atayaona kabla hajafanya lolote. Kazi rahisi hiyo, ili mradi uandike kwenye faili linalohusika.

Siku hiyo asubuhi alikuja Gladness, nesi aliyehamishwa kutoka Sengerema, kuchukua funguo za nyumba namba kumi na nne, ile ya juu mlimani. Kirikuu chenye vitanda vya watoto wake wawili kilikuwa nje kinanguruma. Nikafungua faili la nyumba. Jeupe pe! Nikamwekea mkataba mezani.

Hajashika hata kalamu, akaingia Mwalimu Luhaga, mstaafu wa Butimba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Hii mara ya tatu nakuja. Nyumba mnazo, mbona mimi mnaninyima?"

Nikafungua faili lake, na maandishi mekundu yakanitolea macho: MTEJA MSUMBUFU. ANALALAMIKA KILA MWEZI KUHUSU JIWE. ASIPANGISHWE TENA. Chini yake, jina la aliyeandika: Odeta Kashindye.

Jamani, niliona aibu hadi masikio yakawaka. Mwalimu aliwahi kukaa namba kumi na nne miaka minne. Nyuma ya chumba cha watoto kuna jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe, limezuiwa kwa kabari za mawe na saruji. Yeye alichora mstari wa rangi, nusu kwenye jiwe, nusu kwenye kabari, na kila mwezi alitujia na habari zake: mstari umeachana kidole kimoja, mstari umeachana vidole viwili. Meneja wetu, Masele, akachoka naye. Akaniambia, "Andika huyu mzee ni msumbufu." Nami, mjinga mimi, nikaandika. Hatari ya jiwe nikambandika mtu. Mzee alipohama ikahama naye, nyumba ikabaki safi.

"Kuna mtu anahamia pale leo?" Mwalimu akauliza, macho kwenye funguo. "Mimi niliondoka mwanya ulipofika vidole vitatu. Mmeshalirekebisha?"

Nikamgeukia Gladness.

"Dada, usisaini. Nyuma ya chumba cha wanao kuna jiwe linashuka."

"Weee! Na funguo ulikuwa unanipa?"

"Nilikuwa nakupa. Nisamehe."

Nikarudi kwenye faili la namba kumi na nne, nikaandika: JIWE LIMESOGEA VIDOLE VITATU. ASIINGIE MTU MPAKA LIKAGULIWE. Tahadhari ya usalama ikiandikwa, ujumbe unakwenda hapo hapo kwenye simu ya meneja. Haikupita dakika, Masele akatoka chumbani kwake kavimba.

"Odeta, hiki nini? Ondoa."

"Siondoi."

"Unanijibu hivyo mbele ya wateja?"

"Ulitaka nikukatalie wapi, chooni?"

"Lile jiwe lipo tangu enzi za babu zako. Halijaua mtu."

"Kwa hiyo nisubiri liue ndiyo niandike? Asinitanie mtu, bosi. Kule wanakwenda kulala watoto."

"Ondoa, au kesho usije."

"Sitakuja! Lakini siondoi. Nywila unayo, ondoa mwenyewe."

Kodi ya chumba changu inatoka kwenye kazi ile ile. Lakini niliinuka, nikampisha kwenye kiti.

Masele akakaa, akabonyeza kuondoa. Sasa, mfumo wetu hauondoi tahadhari ya usalama hivi hivi. Unataka sababu na jina la anayeondoa, na vyote viwili vinabaki humo daima. Kisanduku kikafunguka, kitupu. Nikageuza kioo cha kompyuta kidogo ili Gladness aone vizuri.

"Andika, kaka," Gladness akamwambia, mikono kiunoni. "Andika jiwe halina shida, kisha weka jina lako. Mimi nasoma."

Masele akaandika M. Akaandika A. Akafuta. Akapangusa kipaji cha uso, akaandika tena, akafuta tena. Halafu akasema ana simu muhimu, akatoka nje. Tulimwona dirishani, simu sikioni, mdomo kaufunga. Gladness akapita pembeni yake bila kumsalimia, akamwambia dereva wa kirikuu ageuze gari.

Faili la nyumba likabaki jekundu. Nikakaa kwenye kiti changu, nikafungua la Mwalimu, nikabonyeza kuondoa. Kisanduku kikataka sababu. Nikaandika: Mzee alikuwa anasema kweli, na mimi nilijua. Kwenye jina nikaweka langu, lote, bila kufuta hata herufi.

"Haya, Mwalimu," nikamwambia, "unataka nyumba ya vyumba vingapi? Sema haraka, kazi ninayo mpaka jioni tu."