Mgeni wa Alhamisi

Kila Alhamisi mkurugenzi mstaafu alivaa suti ya kijivu akaenda nyumba ya wazee kutoa huduma. Huduma yenyewe ilikuwa kukaa kando ya kitanda cha bibi mmoja aliyevunjika nyonga na kumsimulia, saa mbili nzima, jinsi alivyoiendesha idara ya maji. Akirudi nyumbani alijigamba, "Leo nimemfariji mpaka machozi yamemlengalenga." Mkewe, aliyezijua hadithi zile neno kwa neno, hakuyatilia shaka machozi hayo.

Alhamisi moja alifika mapema. Nyuma ya pazia akamsikia muuguzi akinong'ona, "Bibi, leo nimwambie umelala?"

"Mwache aje, mjukuu wangu. Kwake wamemchoka, kazini wamemsahau. Na mimi siku hizi nina kazi gani nyingine ninayoiweza?"

Miezi minane mkurugenzi amejiona mfadhili, kumbe mgonjwa ni yeye! Alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka, basi akaingia.

"Bibi," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba kazi, "leo nikusaidie nini?"

Bibi akamkazia macho, kisha akaisogeza shuka. Kucha za miguu zilikuwa ndefu, zimepinda, na miezi yote hiyo zilikuwa hatua moja tu kutoka kwenye kiti chake.

Akavua koti, akaomba mkasi, akapiga magoti. Kwenye kidole cha tatu akajikohoza.

"Unajua, bibi, nilipokuwa idarani..."

"Kata kucha, mwanangu."